Madoa Mekundu Kwenye Shuka Jeupe

Kijiwe chetu kiko barazani kwa Hardik, muuza mbegu na dawa za mazao, hapahapa Korogwe, mahali ambapo basi la kutoka Mombo likisimama vumbi lote linaingia kwenye kahawa. Benchi ni moja, refu, mguu wake mmoja tumeuongezea tofali. Kulia anakaa mzee Sabiri, mlinzi mstaafu wa mitambo ya umeme kule Hale. Tunamwita Umeme, maana kila jambo la dunia hii yeye hulipeleka kwenye nyaya. Kushoto ni Habakuki, fundi pikipiki, jina la kijiwe Spana, kijana wa maneno ya Dar ingawa Dar kwenyewe kaenda mara mbili. Hardik hakai, anaegemea mlango ili jicho moja libaki dukani. Mimi ni Ernesti, fundi cherehani, wananiita Uzi, na nakaa kwenye kigoda changu kwa sababu benchi lile limenichania suruali mbili. Anayetukusanya ni mzee Mdoe na birika lake la kahawa. Na kijiwe kina sheria moja tu: mtu akieleza jambo na wewe hujaelewa, humkatizi wala humtukani. Unafudikiza kikombe chako, mdomo chini. Vikombe vikishalala hivyo, Mdoe hammiminii mtu yeyote mpaka msemaji aanze upya. Niliwahi kukaa saa nzima bila kahawa Umeme akitueleza transfoma. Mpaka leo sijamsamehe.

Alhamisi ile, baada ya alasiri, Mdoe alikuja na msichana mwenye begi mgongoni na kompyuta kwapani.

Mdoe: Huyu Maryamu, mtoto wa dada yangu. Anasoma chuo kikuu, sayansi ya vyakula. Ana shida, nami nimemwambia dawa yake iko kwenye benchi hili.

Maryamu: Shikamooni.

Tukaitikia marahaba. Na Spana naye akaitikia, kwa sauti nzito, wakati huenda huyo binti amemzidi mwaka.

Mdoe: Wewe Spana, marahaba ya nani hiyo?

Spana: Imenitoka tu, mzee. Sista, karibu. Shida gani?

Maryamu: Jumamosi nina mkutano kijijini, kule Mkata. Mwezi wa tisa nilikwenda kuwapa majibu ya utafiti wangu. Nikasimama, nikaeleza. Dakika kumi hazijaisha, watu wakaanza kuondoka. Hawakugomba, hawakuuliza kitu. Walitoka mmoja mmoja, mpaka nikabaki na mwenyekiti wa kijiji na mbwa.

Umeme: Mbwa wa nani?

Maryamu: Sikuuliza, babu. Mwenyekiti kanipa Jumamosi hii, kasema ndiyo ya mwisho. Wakiondoka tena, nisirudi.

Hardik: Usiporudi inakuwaje?

Maryamu: Mimi nitarudia mwaka, nitalia, nitanyamaza. Lakini kuna nyumba ishirini na tatu zinakula sumu kwenye mahindi yao wenyewe, na hazijui.

Hapo hata Hardik aliacha kuchungulia duka. Mdoe akatumiminia wote, tulipokwisha kunywa akasema haya, mwanangu, tueleze sisi kama ulivyowaeleza wao.

Maryamu akasimama wima, mikono nyuma.

Maryamu: Utafiti wangu ulilenga kufanya tathmini ya viwango vya sumukuvu katika mnyororo wa thamani wa mahindi baada ya mavuno, kwa kuzingatia vihatarishi vya kimazingira katika ngazi ya kaya...

Kikombe cha Umeme kikalala. Cha Spana kikalala. Hardik akafudikiza chake kwa adabu, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Mimi nilikuwa nimekifudikiza kwenye "mnyororo".

Maryamu akavitazama vikombe vinne, midomo ikamcheza. Nilidhani atalia, akacheka.

Maryamu: Kumbe ndivyo walivyonisikia.

Uzi: Binti yangu, mimi nakata vitambaa miaka thelathini. Sentensi yako ile ingetosha kushonea pazia la msikiti mzima.

Spana: Lakini watu hawaondoki kwa sababu hawajaelewa. Mimi kwenye mikutano sielewi na nakaa. Sista, mimi najua kilichotokea. Ulikuja na begi, ukaanza habari za afya. Wale wakajua unauza vidonge. Siku hizi mtu akianza na afya, ujue mwisho anatoa mkebe.

Maryamu: Sikuwa na mkebe.

Spana: Ndiyo hivyo, walikimbia kabla haujatoka.

Hardik: Hapana bwana. Uliwapa soda?

Maryamu: Niliwapa, na maandazi.

Hardik: Kabla ya kuzungumza au baada?

Maryamu: Kabla.

Hardik: Basi umeliharibu mwenyewe. Mtu keshakunywa, keshakula, anasubiri nini tena? Mimi kila nikiita wakulima kuwaonyesha mbegu, kreti linakaa mbele, wanaliona, na mimi ndiye nimelikalia.

Umeme: Mnacheza nyie. Binti, ulitumia ile mashine ya kurusha picha ukutani?

Maryamu: Ndiyo, babu. Kwa jenereta.

Umeme: Jenereta kubwa au ndogo?

Maryamu: Ndogo.

Umeme: Kwisha habari. Jenereta ndogo inatoa umeme wa kukatakata. Ule unapita ardhini, unapanda miguuni, unakwenda moja kwa moja kwenye kibofu. Wale hawakuondoka. Walikwenda kujisaidia.

Spana: Kijiji kizima?

Umeme: Kijiji kizima. Halafu wakaona haya kurudi.

Spana: Na mwenyekiti?

Umeme: Mwenyekiti alikuwa na viatu vya mpira.

Sipendi kusifu, lakini lile la viatu vya mpira liliniingia. Nikaona nisipotoa langu, kijiwe kitaondoka na jibu la Umeme.

Uzi: Picha uliirushia wapi? Ukuta wa ofisi ya kijiji naujua, una matope mpaka dirishani.

Maryamu: Nilitundika shuka.

Uzi: Rangi gani?

Maryamu: Jeupe.

Uzi: Jeupe! Umewatundikia Waislamu wa watu sanda mbele yao, halafu unawaambia habari za sumu. Na wewe mwenyewe ni Maryamu, Mwislamu mwenzao! Mimi ningeondoka na jirani yangu nimembeba.

Hata Umeme akatikisa kichwa kukubali. Nikajiona nimemaliza kazi, nikavuta uzi, nikatunga sindano. Maryamu peke yake hakuridhika.

Maryamu: Inawezekana, mzee. Lakini walilitazama lile shuka muda wote wa maneno ya mwanzo, wametulia. Waliondoka nilipoweka ramani. Hii hapa.

Akafungua kompyuta, tukainama. Jua la saa kumi lilikuwa limekipiga kile kioo, sisi tukaona nyuso zetu tu na pua ya Umeme. Akakifunga.

Mdoe: Acha ramani. Anza upya. Sumu hiyo ni kitu gani?

Akaanza upya. Safari hii alikaa kwenye ncha ya benchi.

Maryamu: Mahindi yakihifadhiwa yana unyevu, yanaota kuvu. Ule ukungu wa kijani, wa njano. Kuvu wengine wanaacha sumu ndani ya punje. Sumu yenyewe huioni, haina harufu, haina ladha.

Spana akasimamisha kikombe. Hardik akasimamisha. Changu nikakiinua nusu.

Uzi: Ukipika?

Maryamu: Haiondoki.

Uzi: Ukikoboa?

Maryamu: Inapungua, haiishi. Haikuangushi siku hiyohiyo, mzee. Inakwenda kwenye ini, mwaka baada ya mwaka. Na mtoto mdogo anayekunywa uji wake kila siku, inaweza ikamdumaza.

Nikakisimamisha. Kilibaki cha Umeme, bado kimelala, na Umeme mwenyewe anakitazama.

Umeme: Yale yaliyooza, unayachambua, unampa kuku. Si sawa?

Maryamu: Si sawa, babu. Kuku naye ana ini.

Umeme: Wanaweza kufa?

Maryamu: Wakila mengi, wanaweza.

Umeme: Nilikuwa na kuku kumi na mmoja. Nimebaki na wanne. Toka Ramadhani sisemi na jirani yangu Joseph, nimemwambia mbele ya watu kwamba anawatilia sumu kuku wangu.

Hakuna aliyecheka, mpaka alipocheka yeye mwenyewe, akajipiga paja, akasema laa ilaha illallah, leo nina kazi ya kwenda kupiga hodi kwa mtu. Kikombe chake akakisimamisha. Mdoe akainua birika.

Hapo ndipo tulipomwona yule mama. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Mama wa makamo, kanga mbili, kiroba cha mahindi kama nusu debe amekitua karibu na nguzo. Nilidhani mteja wa Hardik.

Hardik: Karibu mama, ingia dukani.

Mama: Ahsante, sinunui. Hamjambo. Mimi naitwa Mwaija, natoka Mkata, nimekuja kwa binti yangu, kajifungua juzi. Nilipoisikia sauti ya huyu mtoto nikasimama. Wewe si ndiye uliyekuja na shuka?

Maryamu: Shikamoo mama. Ndiye mimi.

Mwaija: Marahaba. Basi nisaidie kitu kimoja tu, nikamwambie mume wangu. Zitabomolewa lini?

Maryamu: Nini, mama?

Mwaija: Nyumba.

Maryamu akamtazama Mdoe. Mdoe akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Umeme, na nilipoona hata Umeme hana jibu, nikajua jambo ni zito.

Maryamu: Nyumba gani, mama?

Mwaija: Zile ulizozitia wekundu.

Jamani. Mtu yeyote anayekaa kando ya barabara kuu anajua. Rangi nyekundu ikija kwenye ukuta wako, ni alama ya iksi. Umejenga ndani ya hifadhi ya barabara, toa vyombo, greda linakuja. Haulizwi mtu, haiandikwi barua ndefu. Sasa anakuja msichana na begi na mashine, anawasha picha ya kijiji chenu kilivyo kutoka juu, na paa za nyumba zenu zina madoa mekundu. Nani atakaa asikilize habari za kuvu? Ningekuwa mimi ningekwenda kutoa kitanda.

Maryamu alikaa chini. Siyo kwenye benchi, chini, kwenye sakafu ya baraza.

Maryamu: Mama, wallahi hakuna nyumba inayobomolewa. Hata moja. Yale madoa nilikuwa naonyesha nyumba ambazo mahindi yake yana sumu nyingi. Nilichagua nyekundu ili ionekane.

Mwaija: Hakuna greda?

Maryamu: Mimi nasoma chakula, mama. Greda sijui hata linawashwaje.

Mwaija akashika nguzo. Akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichompanda mpaka mabega yakatikisika, machozi yakamtoka, akajifuta na kanga na bado anacheka.

Mwaija: Miezi miwili hatulali! Imamu katusomea dua. Mwalimu Janeth kahamisha madaftari ya wanafunzi. Kumbe mahindi! Eti mahindi!

Spana: Mama, kaa basi, utaanguka.

Tukampisha. Mdoe akammiminia yeye kwanza, na sisi hatukunung'unika. Alikunywa, akatulia, halafu akakitazama kiroba chake. Kicheko kikamkauka usoni palepale.

Mwaija: Sasa haya ni ya uji wa mzazi. Nilikuwa nayapeleka mashineni. Nimpe, nisimpe?

Maryamu: Ulikuwa miongoni mwa wale tuliowachukulia mahindi ya kupima, mama? Mlipewa vikadi vyenye namba.

Mwaija akafungua fundo kwenye pindo la kanga. Ndani mlikuwa na hela kidogo, punje mbili za karafuu, na kikadi kilichokunjwa mara nne. Arobaini na moja. Toka mavuno anacho, hajui cha nini, lakini kapewa na mtu aliyemdhani wa serikali akaona asikitupe.

Maryamu akaingia na kompyuta dukani, kwenye kivuli, sisi wote nyuma yake. Hardik hajawahi kuwa na watu wengi namna ile na hakuna anayenunua. Kidole cha Maryamu kikateremka kwenye orodha, thelathini, thelathini na tano. Mwaija hakutazama kioo, alitazama uso wa Maryamu.

Maryamu: Arobaini na moja. Yako mazuri, mama. Yako chini kabisa.

Mwaija: Alhamdulillahi.

Maryamu: Lakini haya majibu ni ya wakati wa mavuno. Haya ni yaleyale?

Mwaija: Yaleyale. Nilianika juu ya turubai, siyo chini. Mama yangu hakuwa anataka punje iguse udongo.

Maryamu: Basi kama hayajapata unyevu tangu siku ile, mpe mzazi uji wake. Tuangalie. Nani ana chupa ya kioo, kavu?

Spana akakimbia, akarudi na chupa.

Uzi: Si hiyo ya petroli, wewe!

Spana: Imekauka!

Hardik akampokonya, akamwita mkewe. Bharti akatoka na chupa safi ya achari na chumvi ya jikoni, akiuliza mnapika nini dukani. Maryamu akatia viganja viwili vya mahindi ya Mwaija, akatia kijiko cha chumvi kavu, akafunga, akampa Mwaija aitikise mwenyewe.

Maryamu: Tikisa, halafu tunaiacha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji, yarudi juani. Ikidondoka yote chini, ni makavu. Sumu chumvi haipimi, mama, inapima unyevu tu. Sumu nilishaipima mimi.

Chupa ikawekwa juu ya mzani wa Hardik. Tukasubiri. Nimeshasubiri matokeo ya mtihani wa mwanangu, nimesubiri mvua, lakini sikumbuki kusubiri chumvi. Bharti naye akabaki, mikono kiunoni, hajui kinachosubiriwa, anasubiri tu.

Robo saa ikapita. Maryamu akaigeuza chupa polepole, akaielekeza mlangoni kwenye mwanga.

Kioo kilikuwa safi, hakikushika hata chembe. Chumvi yote ilikuwa imekaa chini.

Spana: Kavu! Kavu kinoma! Mama, kapike!

Mdoe akapiga makofi. Mimi nami nikapiga, na mzazi mwenyewe simjui. Mwaija akamshika Maryamu mikono yote miwili.

Mwaija: Sasa hayo si ungesema siku ile? Hivi hivi, na chupa?

Maryamu akainamisha kichwa. Na sisi wataalamu wa kijiwe, wenye vidonge na soda na vibofu na sanda, tukajitia kuitazama chupa.

Umeme: Jumamosi usiende na ramani.

Maryamu: Siendi nayo, babu. Kila mwenye kikadi nitamwita pembeni nimpe jibu lake mwenyewe, kabla ya yote. Halafu chupa.

Hardik: Na soda baada.

Maryamu: Na soda baada.

Mwaija alikuwa anafunga kiroba. Akasimama, akakumbuka.

Mwaija: Shemeji yangu Mhina, tumepakana naye uwanja, kikadi chake ni arobaini. Yeye kwenye shuka alikuwa mwekundu, nasi tukajua greda likija kwake halituachi. Wiki iliyopita kaezua bati zote za stoo, kasema aziokoe kabla greda halijafika. Mahindi kayafunika turubai, na vuli ndiyo hii imeanza. Yake yakoje?

Maryamu akatazama orodha, akafunga kompyuta taratibu.

Maryamu: Hilo nitamwambia mwenyewe, mama. Nyumbani kwake. Na sitasubiri Jumamosi, nakwenda kesho.

Mwaija akamtazama, kisha akakiinua kile kiroba akakipachika kiunoni.

Mwaija: Ana watoto wanne, mdogo ndiyo kwanza anaanza kutembea. Nitampikia mzazi leo, kesho dada yake atamwangalia. Tupande basi la kwanza, mimi nitakupeleka mpaka mlangoni.

Hardik: Turubai la kuanikia nitampa, lipo moja limechanika kidogo. Uzi atalishona.

Uzi: Lete sasa hivi.

Spana: Na mimi nakuja. Mtu keshaezua bati, nani atazirudisha? Nyundo ninayo.

Umeme akawa keshaondoka. Tulimwona ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, anapiga hodi kwa Joseph.

Mdoe akainua birika ili atumiminie, akalitikisa. Tupu. Vikombe vyote vilikuwa vimesimama, midomo juu, na nikalivuta turubai la Hardik mapajani nikatafuta pale lilipochanika.